Pezi Halioti kwa Unga wa Pakiti

Katika masoko ya Rusizi, na ng'ambo ya mto kule Bukavu, kuna biashara inayokua haraka kuliko mkia wa mjusi. Ni biashara ya pakiti za "seli shina". Muuzaji hana duka wala leseni ya famasia. Ana mkoba, ana simu, na ana maneno. Utamkuta harusini, kwenye kikao cha kikundi cha akiba, nje ya kanisa baada ya ibada, hata bwenini chuoni. Anasema unga wake umetengenezwa kwa seli shina za tufaha au za zabibu, na kwamba unatibu kisukari, shinikizo la damu, figo, vidonda, macho na uzee. Ukimwomba ushahidi, anafungua simu na kukuonyesha samaki. Samaki amekatwa pezi la mkia. Baada ya siku kadhaa, pezi limerudi. "Umeona?" anasema. "Hizo ni seli shina. Zako zimechoka. Ongeza nyingine."

Makala hii ninaiandika kwa sababu ya yule samaki. Kuhusu figo na shinikizo la damu, madaktari watasema yao. Lakini samaki ni wetu sisi tunaosoma baiolojia, na ameitwa mahakamani kutoa ushahidi wa uongo. Hoja yangu ni hii: pezi la samaki halirudi kwa sababu samaki ana seli nyingi au seli zenye nguvu za ajabu. Linarudi kwa sababu seli alizonazo tayari zinasemezana: zinaambiana jeraha liko wapi, nani aanze kazi, afanye nini, na aache lini. Mazungumzo hayo yakikatika, pezi halirudi hata seli zijae. Kwa hiyo mfano wa samaki haumtetei muuzaji wa pakiti. Unamhukumu.

Tuanze na mambo yalivyo. Habari ya pezi kuota upya si ngeni. Mwaka 1786 Mfaransa Broussonet aliandika kwamba mapezi ya samaki yaliyokatwa hurudi. Leo maabara nyingi za dunia humtumia samaki mdogo kutoka Asia ya Kusini, Danio rerio kwa jina la kisayansi. Ana milia ubavuni kama pundamilia, basi hapa nitamwita samaki-milia. Ukimkata nusu ya pezi la mkia, ndani ya siku moja ngozi ya juu hutambaa na kuziba jeraha. Kufikia siku ya pili au ya tatu, chini ya ngozi hiyo hujikusanya fungu la seli linaloitwa blastema. Fungu hilo husukuma nje, mifupa ya miale ya pezi hujengwa kipande baada ya kipande, na mishipa ya damu na ya fahamu hufuata. Katika maji ya vuguvugu, nyuzi 28 hivi, baada ya wiki mbili au tatu pezi limerudi kwa umbo lile lile na urefu ule ule.

Swali la kwanza la haki ni hili: seli za blastema zinatoka wapi? Muuzaji anasema ni seli shina, na mara nyingi hata kitabu cha shule kinasema hivyo hivyo kwa sentensi moja, kisha kinapita. Mwaka 2011 makundi mawili ya watafiti yalizitia seli alama na kuzifuata. Waliona kwamba seli za mfupa zilizo karibu na jeraha huacha ujenzi kwa muda, hurudi nyuma kidogo katika ukomavu wao, hugawanyika, kisha huwa tena seli za mfupa. Za mfupa zilizaa za mfupa, za ngozi zilizaa za ngozi. Hapakuwa na gharika ya seli zinazoweza kuwa kitu chochote. Walikuwa mafundi wale wale wa jana, wameitwa tena kazini.

Mwaka uliofuata ukaja ugunduzi mwingine wa kushangaza. Watafiti waliziangamiza kwanza seli za mfupa za pezi, kisha wakalikata. Mtu angetegemea pezi liote bila mfupa. Liliota na mfupa wake. Seli nyingine zilishika kazi ile. Nani aliziambia kwamba mafundi wa mfupa hawapo? Samaki hakulishwa unga wowote. Habari ilitoka ndani, kwa majirani.

Sasa tuangalie mazungumzo yenyewe, maana neno "mawasiliano" ni rahisi kulitamka na vigumu kulieleza. Seli husemezana kwa njia nyingi, lakini kwa hoja yangu mbili zinatosha. Njia ya kwanza ni barua: seli moja hutoa protini, protini husafiri, seli ya jirani huipokea kwenye kipokezi chake na kubadilisha mwenendo. Njia ya pili ni mlango: seli mbili zilizogusana hufungua vijia vidogo katikati yao, na vitu vidogo hupita moja kwa moja kutoka ndani ya moja hadi ndani ya nyingine.

Tuanze na barua. Mwaka 2005 ilichapishwa habari ya samaki-milia wenye hitilafu katika jeni moja tu, fgf20a, inayotengeneza mojawapo ya protini hizo za ujumbe. Samaki hao wakikatwa pezi, ngozi inafunika jeraha, lakini blastema haijengeki. Kidonda kimeziba, pezi halirudi. Tafadhali msomaji, simama hapo kidogo. Seli zipo. Damu ipo. Chakula kipo. Kilichokosekana ni barua moja. Kama wingi wa seli ndio ungekuwa siri ya pezi, samaki huyu angepona kama wenzake.

Tena barua hazisemi jambo moja. Mwaka 2007 watafiti walionyesha kwamba ndani ya familia moja ya protini za ujumbe, iitwayo Wnt, kuna zinazohimiza pezi liote na kuna nyingine, kama Wnt5b, zinazolizuia. Moja inasema endelea, nyingine inasema punguza. Pezi zuri linatoka katikati ya sauti hizo mbili.

Sasa mlango. Vijia vya kati ya seli za wanyama wenye uti wa mgongo hujengwa kwa protini ziitwazo konexini. Sisi wa Rusizi hatuhitaji mfano wa mbali kuzielewa. Kwenye mpaka, mahali pa waenda kwa miguu, mwenye kikapu cha sambaza anapita, lori linabaki. Ndivyo ilivyo konexini: ioni na molekuli ndogo hupita, protini kubwa hubaki. Mwaka 2005 Kathryn Iovine na wenzake walionyesha kwamba samaki-milia aina ya "pezi fupi" ana hitilafu katika konexini 43. Vipande vya mifupa ya mapezi yake ni vifupi, seli zake hugawanyika kidogo, na pezi zima ni fupi. Likikatwa linaota, lakini linaota fupi. Seli ziko pale, na barua zinaandikwa. Mlango tu ndio mbovu, na mfupa mzima unalipa gharama.

Upo na upande wa pili, ambao muuzaji hautaji kamwe: kuacha. Mwaka 2014 ilionyeshwa kwamba samaki wenye mapezi marefu kupita kiasi wana hitilafu katika mlango wa potasiamu kwenye utando wa seli. Mlango huo unafanya kazi kupita kiasi, na pezi halijui pa kukomea. Mwaka huo huo kundi jingine liliizuia protini iitwayo kalsinyurini kwa kutumia dawa, na mapezi yaliyokatwa yakaota bila kukoma mahali pake. Dawa hiyo ni ile ile wanayopewa watu waliopandikizwa figo ili mwili usiikatae. Kumbe kukua si muujiza. Muujiza, kama tunataka kulitumia neno hilo, ni kukua kwa kipimo. Mwilini mwetu kuna jina la seli zinazokua bila kusikia neno "acha". Jina hilo ni saratani. Mtu anayekuahidi "kuchochea seli" bila kukuambia nani atazituliza, hajui anachouza, au anajua na hajali.

Jambo hili la kipimo lilionekana zamani. Mwanzoni mwa karne ya 20 Thomas Hunt Morgan, ambaye baadaye alipata sifa kwa nzi wa matunda, aliona kwamba pezi likikatwa karibu na shina huota kwa kasi kubwa kuliko likikatwa karibu na ncha. Yaani seli zilizo kwenye jeraha zinajua zilipo, na zinajua kiasi gani kimepotea. Nguvu tupu haina habari hiyo. Habari hiyo ni ya jamii nzima ya seli.

Wale mliowahi kushika jembe siku ya umuganda mnanielewa. Jumamosi ya mwisho ya mwezi kilima kinajaa watu. Lakini watu wengi si matuta. Kama hakuna aliyesema tuta lipite wapi, wa juu watamwagia udongo wa chini, na mvua ya kwanza itachukua kila kitu. Tuta linajengeka kwa sababu kuna anayepima, kuna anayechimba, kuna anayepanda majani ya kushikilia udongo, na kila mmoja anamsikia jirani yake. Kumwaga watu mia zaidi juu ya kilima kisicho na mpangilio ni kuongeza fujo. Hao watu mia ndio unga wa pakiti, na hata hapo ninaupendelea, maana watu mia ni watu kweli.

Msinijibu kwamba haya ni mambo ya maabara za Ulaya na Marekani, ya samaki wa Asia. Ushahidi mzito uko nyumbani Afrika. Katika madimbwi ya msimu ya Zimbabwe na Msumbiji anaishi samaki mdogo, Nothobranchius furzeri. Ndugu yake wa karibu, Nothobranchius guentheri, ni mwenyeji wa Zanzibar. Dimbwi likikauka samaki hawa wanakufa, na mayai yao yanasubiri mvua ndani ya tope. Maisha yao ni miezi michache, ndiyo maana wanapendwa na wanaochunguza uzee. Mwaka 2015 ilichapishwa kwamba furzeri mchanga huotesha pezi vizuri, na mzee hushindwa kulirudisha kikamilifu. Mwaka 2020 watafiti waliondoa kipande kidogo cha DNA kilicho karibu na jeni ya ujumbe iitwayo inhba. Kipande hicho si jeni. Ni kama swichi, kinachoiambia jeni iwake baada ya jeraha. Swichi ilipoondolewa, kuota kwa pezi la mkia kulivurugika, na moyo ulioumizwa ukashindwa kujijenga upya. Samaki hawa hawakupunguziwa seli hata moja. Waliondolewa swichi ya ujumbe.

Tuje karibu zaidi, Laikipia nchini Kenya. Pale kuna panya wa miiba, Acomys, ambaye ngozi yake huchanika kirahisi anaposhikwa na adui. Mwaka 2012 Ashley Seifert na wenzake, akiwemo Stephen Kiama wa Chuo Kikuu cha Nairobi, walionyesha kwamba panya huyu hurudisha ngozi pamoja na nywele na tezi zake, na huziba tundu la sikio la milimita 4, penye gegedu na ngozi mpya. Panya wa kawaida wa maabara tundu hilo halizibi hivyo, na ngozi yake iliyojeruhiwa hubaki na kovu. Sasa nawauliza wanaouza seli shina: panya wa kawaida naye ana seli shina kwenye ngozi yake. Kila mnyonyaji anazo, ndizo zinazotupa nywele mpya na ngozi mpya kila siku. Kwa nini basi mmoja anapata ngozi na mwingine anapata kovu? Tofauti iko katika namna seli zinavyolijibu jeraha na kujibizana. Kuwa nazo tu hakutoshi.

Baada ya kusema hayo, tuifungue pakiti. Unga wa tufaha ukifika tumboni, unakutana na asidi, kisha vimeng'enya. Kilichokuwa seli, kama kilikuwa seli, kinakuwa sukari, mafuta na vipande vya protini, sawa na andazi. Na hata tukimpa muuzaji zawadi, tukasema seli ya tufaha imepita salama na kufika kwenye kidonda cha mguu, itafanya nini pale? Seli ya mmea imezungukwa na ukuta mgumu. Vijia vyake vya kuzungumza na majirani ni vya aina nyingine kabisa, vinaitwa plasmodesmata. Haina konexini za kufungua mlango na seli ya mtu, na barua zetu hazikuandikwa kwa anwani yake. Ni mgeni asiyejua lugha, asiyeweza kupita mlangoni, aliyekufa njiani. Huyo ndiye fundi tunayeuziwa.

Najua majibu yanayokuja, nimeyasikia bwenini na barabarani.

La kwanza: "Seli shina ni sayansi ya kweli, hata Tuzo ya Nobel imetolewa." Ni kweli. Mwaka 2012 John Gurdon na Shinya Yamanaka walipewa tuzo kwa kuonyesha kwamba seli iliyokomaa inaweza kurudishwa nyuma. Ni kweli pia kwamba wagonjwa wa saratani ya damu huokolewa kwa kupandikizwa uboho. Lakini tazameni inavyofanyika. Seli ni za binadamu, ziko hai, zimechunguzwa zifanane na za mgonjwa, zinaingizwa kwenye mshipa na madaktari, kisha zinakwenda kwenye mifupa ambako seli za pale huzipokea na kuziongoza kwa ujumbe wao. Hata hapo, bila mazungumzo, hakuna kupona. Kutumia kazi hiyo kuuza unga wa matunda ni kama kuuza picha ya ng'ombe kwa bei ya ng'ombe, eti kwa sababu ng'ombe wapo duniani.

La pili: "Watu wanatoa ushuhuda." Wanatoa, na wengi wanasema kwa moyo safi. Lakini vidonda vingine hupona vyenyewe. Sukari hupanda na kushuka. Mtu anameza unga huku akiendelea na dawa za hospitali, kisha sifa zote zinakwenda kwa unga. Ili kujua, lazima uwe na wasiotumia wa kulinganisha nao. Samaki-milia mwenye hitilafu hutazamwa pamoja na samaki-milia mzima, ndani ya maji yale yale. Hilo ndilo somo la kwanza la mwaka wa kwanza. Ajabu ni kwamba baadhi ya wenzetu waliofaulu somo hilo ndio wanaobeba mikoba.

La tatu linatoka kwa wasomi: "Samaki yuko mbali na mtu, kwa nini tubishane juu ya pezi?" Kwa sababu milango ni ile ile. Konexini 43 tunayo sisi pia. Seli za moyo wako zinapiga pamoja sasa hivi kwa msaada wa konexini. Jeni ya konexini 43 ikiwa na hitilafu, mtu huzaliwa na ugonjwa unaogusa macho, meno na vidole, na vidole vingine huwa vimeungana. Jeni ya konexini 26 ikiharibika, matokeo ni uziwi, na ni mojawapo ya sababu kubwa za uziwi wa kurithi duniani. Samaki mwenye pezi fupi na mtoto mwenye vidole vilivyoungana wanatufundisha jambo moja: kiungo hupata umbo lake kwa seli kusikilizana.

Mtu atasema mimi nachukulia kwa ukali biashara ndogo ya watu wanaojitafutia riziki. Basi nieleze gharama. Huku Nkungu kuna mama, jirani yetu, mwenye kisukari. Alipata kidonda mguuni. Kituo cha afya kilimpa dawa na kumtaka arudi kusafishwa kila baada ya siku chache. Muuzaji akamwambia kwamba kidonda kinapona "kutoka ndani", na kwamba dawa za hospitali zinaua seli shina. Aliuza mbuzi akanunua pakiti, na kwa wiki kadhaa hakurudi kituoni. Aliporudi, kidole kimoja hakikuweza kuokolewa. Kidole cha mtu mzima, tofauti na pezi, hakiotewi. Wenye kisukari wanapoteza miguu kwa sababu mishipa ya damu na ya fahamu imeharibika na maambukizi yanaingia. Kinachookoa mguu ni kudhibiti sukari, kusafisha kidonda, kupumzisha mguu, na kurudi kwa muuguzi kwa wakati. Kila wiki inayopotea kwa kusubiri unga ni wiki ambayo bakteria hawakusubiri.

Na hapa nawageukia walimu wangu na wanafunzi wenzangu, kwa heshima lakini bila kuficha. Muuzaji anashinda kwa sababu anazungumza. Anasema Kinyarwanda kilimani, Kiswahili sokoni na mpakani. Sisi elimu yetu ya konexini na blastema tunaifungia kwenye karatasi za Kiingereza, tunaikariri, tunaiandika kwenye mtihani, na inaishia hapo. Rwanda ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2017. Hadi leo, ukimwomba mwanafunzi wa baiolojia aeleze kwa Kiswahili kwa nini pezi huota, wengi watakuambia lugha haina maneno. Lugha ina barua, mlango, jirani, fundi, kipimo. Muuzaji ametumia neno moja tu, "seli shina", na amejaza mkoba.

Hata ndani ya darasa kuna la kurekebisha. Tunafundishwa kuota upya kama orodha: mjusi mkia, samaki pezi, kiluwiluwi mguu, binadamu ini. Orodha hiyo inaacha picha kwamba wanyama wengine wamejaliwa "nguvu" na wengine wamenyimwa. Ni picha ya muuzaji hasa. Afadhali tufundishwe swali: ujumbe gani unatoka, nani anaupokea, nani anausitisha? Mwanafunzi aliyezoea swali hilo hanunui pakiti, wala haiuzi.

Tena hatuhitaji kusubiri maabara ya kifahari. Mabwawa ya tilapia yapo. Wafugaji wanajua kwamba samaki aliyechanwa pezi na nyavu au na wenzake hurudisha sehemu iliyopotea. Wataalamu wa uvuvi hukata ncha ndogo ya pezi kuchukua sampuli ya DNA au kuweka alama, na wanajua kwamba alama ya namna hiyo hufutika kwa sababu pezi huota. Kwa idhini ya idara, kwa ganzi na uangalizi wa mwalimu, darasa linaweza kukata ncha ndogo, kupima kila wiki, na kulinganisha aliyekatwa karibu na shina na aliyekatwa karibu na ncha. Hatutaziona konexini kwa macho, lakini tutaona kipimo: wote wawili wakielekea urefu ule ule, kila mmoja kwa kasi yake. Matokeo tuyabandike kwa Kiswahili na Kinyarwanda pale kituo cha afya, karibu na benchi la wanaosubiri kupimwa sukari. Benchi hilo ndilo uwanja wenyewe, na kwa sasa muuzaji ameketi pale peke yake.

Kidole kimoja hakivunji chawa, na seli moja hairudishi pezi. Siku muuzaji atakapokuonyesha tena yule samaki, usigombane naye. Muulize maswali matatu tu mbele ya watu: unga wako unasema nini, unaiambia seli ipi, na utaiambia iache lini?